Kona ya Upande wa Jikoni

Iringa, Juni 6, 1955. Jumatatu

Daftari hili nimelinunua kwa ajili ya dawa na hewa tu. Maji yalikuwa ya baridi kiasi gani, picha ilikaa dakika ngapi kwenye dawa, ilichukua muda gani kukauka. Yunusu wa Mbeya, aliyenifundisha kazi hii, alikuwa na daftari kama hili na akinipiga nalo kichwani kila nikikosea. Lakini mimi ni mtu wa maneno mengi, mke wangu Mwamvita anajua, kwa hiyo yataingia na mengine.

Hewa: mvua zimekwisha kabisa. Asubuhi baridi, mchana upepo mkavu unaopanda kutoka bondeni. Midomo inapasuka. Picha nilizoanika saa tatu zilikuwa zimekauka kabla ya adhuhuri.

Picha ninayojivunia mwaka huu bado ni ile ya marehemu Mzee Marcelino Kalinga, seremala wa Kihesa. Alikuwa rafiki yangu. Hata benchi wanalokalia wateja wangu alilitengeneza yeye. Alifariki mwezi Machi, aliumwa tumbo siku mbili tu. Watu wake wakataka picha kubwa itundikwe sebuleni kabla ya misa ya arobaini. Nilikuza negativu, filamu ya picha niliyompiga miaka mitatu nyuma, mpaka uso ukawa mkubwa kuliko wa mtu mwenyewe, kila unywele wa ndevu unauona. Kioo walikataa. Dada yake marehemu, ambaye Kihesa nzima wanamwita Shangazi Evarista, alisema, "Tumeshamfunika na udongo. Hatumfuniki tena na kioo." Basi ikapigwa pini nne kwenye ubao, wazi, watu waje wamguse shavu na kumsalimu.

Karatasi nilitumia nyembamba, maana boksi la nene lilikuwa halijafika na misa ilikuwa Jumamosi. Kwa unyevu ule wa Aprili ikalala ubaoni kama shuka iliyopigwa pasi. Nani atajua?

Juni 9

Upepo. Vumbi limeingia mpaka chumba cha giza. Nimefuta lenzi mara tatu.

Juni 17. Ijumaa

Nimetoka msikitini nikamkuta Shangazi Evarista amekaa kwenye benchi la kaka yake. Ananisalimia "Kamwene, fundi," kisha ananiuliza, picha ya kaka imeanza kujikunja kona moja, je, karatasi ina shida? Wateja wanne walikuwa wanasikiliza. Nikamwambia karatasi yangu haina kasoro, ni ile ile wanayotumia Dar es Salaam, na miaka kumi na moja sijaona picha yangu hata moja ikijikunja. Akashukuru, akaenda zake. Mwamvita kapika kunde.

Juni 18

Kavu. Picha ndogo kumi na mbili. Hakuna jipya.

Juni 26. Jumapili

Nimepanda baiskeli mpaka Kihesa kuona mwenyewe. Kona ya chini, upande wa mlango wa jikoni, imeng'oa pini yake na kujiviringisha kwa mbele mpaka karibu na jicho la marehemu.

Sababu niliijua kabla sijavua kofia. Uso wa picha umepakwa ute unaoshiba maji na kunyauka. Hewa ikikauka, ute unajivuta, na karatasi nyembamba haina ubavu wa kuukatalia. Na kona ile inapata joto la mafiga kutwa nzima. Yunusu alinifundisha hayo wiki ya kwanza.

Tatizo ni kwamba upande huo huo ndipo anapokaa mjane, Apolonia. Yeye ni mke wa pili. Wa kwanza alifariki zamani. Si mtu wa hapa, ni Msangu wa Chimala, na umri wake hauzidi wa Bartholomeo, mtoto mkubwa wa marehemu. Ana binti mmoja, Rozalia, wa miaka mitano. Anakaa kwenye kigoda karibu na mlango wa jikoni kwa sababu ndiye anayepika. Nilipokaa pale kujaribu, nikitazama picha sikuona uso. Niliona mgongo mweupe wa karatasi.

"Fundi, mimi nimeona," Shangazi Evarista akaninong'oneza. "Kaka amemgeukia mgongo mke wake. Huyo tu. Sisi wengine anatuangalia."

Nikacheka. Nikarudisha pini, nikaongeza mbili. Apolonia akaniletea maji ya kunywa. Yeye hakucheka.

Julai 2

Nasikia pini zote tatu za kona ile zimetoka.

Julai 4. Jumatatu

Mtu wa Kihesa amekuja kupiga picha na mkewe. Kabla ya kukaa akauliza kama mimi ndiye niliyetengeneza picha inayogeuka. Nikasema picha hazigeuki. Akasema yeye ameiona kwa macho yake: mjane akikaa mbele yake, inajikunja; wakimtoa nje, inatulia. Nikamwambia anyooshe shingo na afunge mdomo, picha isije ikatoka na meno.

Baadaye nikawa sina raha. Sijui mtu anayeweza kutazama karatasi kwa subira kiasi hicho.

Julai 9

Baridi kali. Dawa haifanyi kazi mpaka niipashe moto. Kucha zangu zimekuwa za kahawia.

Julai 15. Ijumaa

Bartholomeo amekuja. Ni mwalimu wa shule ya misheni, mtu mpole, anavaa soksi ndefu na kuongea kama anasoma. Karani mmoja wa boma alikuwa amekaa na bibi harusi wake mbele ya pazia langu, wamevaa wakavalika, wanangoja niseme "tulieni."

"Samahani fundi, sitakuchelewesha," akasema. "Nyumbani mambo si mazuri. Shangazi anasema baba aliumwa tumbo baada ya kula, na chakula kilitoka jikoni, na sasa picha inajikunja upande wa jikoni. Wazee wameanza kuunganisha. Mimi ni mwalimu, mambo haya siyaamini. Niambie tu ni karatasi. Niambie nikawanyamazishe."

Neno lilikuwa mdomoni. Ndiyo, Mwalimu, ni karatasi, niliwapa nyembamba. Lakini karani alikuwa ananitazama, na bibi harusi naye, na picha yao wameniomba kubwa kama ile ile.

Nikanyoosha mkono ukutani. "Tazama mwenyewe, Mwalimu. Ipi imejikunja?"

Akazitazama moja moja, na kofia yake kifuani. Zote pale ukutani ni karatasi nene. Ndizo za kuvutia wateja.

"Hakuna," akasema. Alikuwa kama mtu aliyefika dukani akakuta chumvi imekwisha. "Basi sijui nikawaambie nini."

Harusi ya karani imetoka vizuri. Nimeitengeneza mara mbili.

Julai 31. Jumapili, Idi

Tumechinja. Nyumba imejaa wageni, na katika maongezi yao ni Kihesa, Kihesa. Walipoondoka Mwamvita akakaa mbele yangu na sinia la pilau ambalo hakuligusa.

"Baba Kudra, ile picha ni nini hasa?"

Nikamweleza. Yote, mpaka boksi lililochelewa.

"Kwa hiyo yule mwanamke anaitwa mchawi kwa ajili ya karatasi yako."

"Hawajamwita mchawi."

"Hawajamwita mbele yako. Kisimani nasikia mimi. Na unajua wakimrudisha kwao, mtoto haondoki. Mtoto ni wa ukoo wa Kalinga. Kesho asubuhi nenda kawaambie."

Nikamwambia nitakwenda, lakini si mikono mitupu. Nitakwenda Mbeya kwa Yunusu nipate karatasi nene, nitengeneze picha mpya, nikaitundike, na hapo hapo niseme kosa lilikuwa langu. Mtu akikiri na dawa mkononi, watu wanamsikia. Mwamvita akasema hajawahi kuona mtu anayekwenda Mbeya kutafuta ujasiri. Nikakasirika, nikalala mchana bila kula.

Agosti 9. Jumanne

Mbeya. Tumesafiri siku mbili, basi liliharibika. Chimala tulisimama kula wali. Wanawake walikuwa wanapepeta mchele kando ya barabara, nikajikuta natafuta katika nyuso zao anayefanana na Apolonia. Wote wakafanana naye.

Yunusu amezeeka. Anaishi Iyunga, kila asubuhi anatembea mpaka studio yake mjini na mwavuli, kuna mvua hakuna mvua. Alinikumbatia kisha akanipima kama mwanafunzi. Alinipa karatasi tano nimchagulie inayofaa kutundikwa bila kioo. Nilifanya kama alivyonifundisha: unaiweka juu ya kiganja, unapumua juu yake taratibu. Nyembamba inajikunja kabla hujamaliza pumzi, kwa jasho la mkono tu. Nene inakaa, inakutazama. Kisha unaikunja ukingo kidogo kwa kidole gumba na kuiachia. Nzuri inarudi palepale bila kelele. Tatu za kwanza nilizikataa. Ya nne na ya tano akanisifu.

"Na kukausha?"

"Si kwenye kamba. Juu ya kitambaa, uso chini, kisha katikati ya mbao siku tatu."

"Na maji ya mwisho?"

"Giliserini kidogo, ute usikauke kupita kiasi."

"Kumbe unajua yote," akasema. "Sasa niambie ni picha ya nani uliyoiharibu."

Nilipomaliza kumweleza alifunga na kufungua mwavuli mara kadhaa. Kubwa nene hakuwa nayo. Mzigo uko njiani, utaletwa na lori mwezi ujao au unaofuata, atanitumia boksi la kwanza.

"Lakini usilingoje," akasema. "Kusema hakuhitaji karatasi, Muharami."

Agosti 13

Nimerudi Iringa. Upepo uko pale pale nilipouacha.

Agosti 20

Kavu. Ngozi ya ngoma ya maulidi imepasuka yenyewe ikiwa imetundikwa. Nimeahirisha Kihesa mpaka boksi lije.

Agosti 27

Boksi halijaja.

Septemba 3. Jumamosi

Boksi halijaja. Apolonia amekuja.

Alikuja kwa miguu, na Rozalia mgongoni ingawa mtoto ni mkubwa wa kutembea. Hakukaa kwenye benchi mpaka nilipomwomba mara ya pili. Amekonda. Alipitisha mkono kwenye ubao wa benchi, pale mumewe alipochonga maua, ndipo akasema.

"Shemeji, wananipa chakula changu kando. Nikipika, hawali. Usiku Shangazi anamchukua mtoto kulala naye. Picha sasa imejikunja yote, imebaki pini moja juu. Kila asubuhi nikiamka wananipeleka mbele yake wanasema, mwombe akugeukie."

Nikafuta lenzi iliyokuwa safi.

"Jumapili ya tarehe kumi na nane ukoo unakaa. Wakisema nirudi Chimala, nitarudi. Mimi kwetu wapo, sitakosa ugali. Lakini huyu," akamgusa mtoto goti, "hawanipi. Shemeji, wewe ndiye uliyemtengeneza kwenye ile karatasi. Kama kuna neno unalijua, njoo uliseme."

Je, alikuwa anajua? Nadhani alikuwa anajua. Mke wa seremala anajua ubao mbichi unavyopinda, hawezi kushindwa na karatasi. Alikuwa ananipa nafasi niseme mwenyewe.

"Nitakuja," nikamwambia. "Wallahi nitakuja."

Niliona haya. Naandika hivyo hivyo: niliona haya mpaka nikashindwa kumsindikiza hadi mlangoni.

Septemba 10

Upepo. Mafua.

Septemba 17

Boksi halijaja. Nitakwenda hivyo hivyo.

Septemba 18. Jumapili

Nilifika Kihesa baada ya misa. Sebule imejaa, wazee wamekaa kwenye viti alivyovitengeneza Marcelino mwenyewe, wanawake chini. Apolonia kwenye kigoda chake cha mlangoni. Picha ilikuwa imening'inia kwa pini moja, imejiviringisha kama mkeka uliokunjwa, huoni pua wala jicho. Nakiri hata mimi, ninayejua, nilipoingia mwili ulinisisimka. Rafiki yangu alikuwa amejifunga ndani ya karatasi hataki kuona mtu.

Walinipa kiti, wakanipa nafasi. Nikasimama.

Nikaanza na upepo. Nikasema kiangazi hiki ni kikavu kupita kawaida. Nikasema joto la mafiga. Wazee wakatikisa vichwa kwa adabu. Mzee mmoja, Saulo, mdogo wake marehemu, akauliza, "Na hizo picha za dukani kwako, kule hakuna upepo?"

Hapo ndipo ningeweza kuzunguka tena. Sikuzunguka. Nikasema zile ni karatasi nene. Hii niliwapa nyembamba, kwa haraka ya misa, na nilijua kwamba haifai kutundikwa wazi. Kosa ni langu, mama huyu hana hatia.

Nikadhani yamekwisha. Nilihisi wepesi, naapa, nilihisi kama nimetua gunia.

Shangazi Evarista akainuka. Hakuwa na hasira, na hilo ndilo linalonisumbua mpaka sasa. Macho yake yalikuwa mekundu ya kulia.

"Fundi, mimi nilikuja kwako mwezi wa sita. Mimi mwenyewe, kwa miguu yangu. Nilikuuliza, karatasi ina shida? Ulisema nini?"

"Nilisema haina."

"Ulisema haina kasoro. Ulisema miaka kumi na moja hujaona."

"Nilidanganya, Shangazi."

Watu wakaguna. Bartholomeo alikuwa amekaa pembeni na soksi zake ndefu, mikono katikati ya magoti. Hakuinuka. Aliniuliza kwa sauti ile ile ya darasani, na niliona kwamba alikuwa anataka kabisa nimpe jibu.

"Na mimi nilikuja. Nilikuomba uniambie ni karatasi. Ulinionyesha ukuta. Sasa nisaidie, fundi. Ulidanganya lini? Siku ile, au leo?"

Nikasema siku ile. Nikaapa. Lakini niliona uso wake unafunga. Mtu mzima, mwenye duka, anadanganya mara mbili bila kulazimishwa, kisha anakuja siku ya hukumu kusema kinyume, baada ya mjane kuonekana akiingia dukani kwake. Mzee Saulo ndiye aliyelitoa.

"Yule mama alikwenda kwako Jumamosi ile. Watu walimwona. Alikupa nini?"

"Hakunipa kitu!"

"Basi amekutia huruma. Una moyo mzuri, fundi. Kaa chini."

Sikukaa. Nilipaaza sauti, nikawaita wajinga. Ndiyo, nilisema neno hilo ndani ya nyumba ya msiba, na baada ya hapo hakuna aliyenisikiliza tena. Vijana wawili wakanishika mabega wakanitoa kwa heshima. Nikipita mlangoni Apolonia alinitazama. Alisema, "Asante, shemeji," kwa sauti ya chini.

Bora angenitemea mate.

Septemba 19

Uamuzi: arudi kwao "mpaka marehemu atulie." Mtoto abaki kwa Shangazi.

Septemba 21. Jumatano

Basi la Mbeya limesimama mbele ya duka saa mbili. Sikutoka nje. Mwamvita alitoka, akampa kikapu cha chakula cha njiani. Anasema Apolonia hakulia mpaka basi lilipoondoka.

Oktoba 6. Alhamisi

Boksi limekuja. Yunusu ameweka ndani kipande cha karatasi: "Hii ni ile ya tano."

Sikutaka kulifungua. Mwamvita akasema nilifungue, picha ikitulia huenda nao watatulia, wamrudishe. Wenyewe walisema mpaka marehemu atulie. Nilishika neno hilo kama mtoto anavyoshika pindo la mama yake.

Oktoba 7–13

Sijawahi kufanya kazi vizuri namna hii. Nimepumua juu ya kila karatasi kwenye kiganja, nikachagua moja katika kumi. Nimeiosha saa nzima kwa maji ya kubadilisha, maji ya mwisho na giliserini. Kitambaa safi, uso chini. Mbao mbili za mninga alizonipa Marcelino mwenyewe zamani, na juu yake mawe. Siku tatu sikuifunua. Nilipoifunua ilikuwa imelala sawasawa kama meza. Nimeiweka juani nusu siku kwa makusudi. Haikuinua hata ukucha.

Oktoba 16. Jumapili

Nimeitundika mwenyewe Kihesa, bila kioo, mahali pale pale. Waliniomba radhi kwa yale ya mabega, nami nikawaomba radhi kwa lile neno. Shangazi Evarista alinipa ile ya zamani imekunjwa. "Ichukue wewe. Sisi hatuwezi kumchoma kaka, na kumweka hivi tunaogopa." Nimeitupa juu ya kabati.

Rozalia alikuwa ananifuata chumbani kote. Ananiuliza kila pini ni ya nini.

Oktoba 29. Maulidi

Wageni kutoka Kihesa, na habari njema, wanavyoiita wao. Picha haijasogea. Wiki mbili za upepo huu na haijasogea. Mmoja akanishika mkono kwa furaha.

"Tangu atoke yule, mzee ametulia kabisa. Tulikuwa na shaka kidogo, wengine. Sasa hatuna."

Mwamvita aliweka chini birika la chai. Nami sikuweza kumtazama.

Ni mimi. Nimewaletea ushahidi, nimeuosha saa nzima, nimeukandamiza kwa mawe.

Novemba 8

Joto. Hakuna mawingu.

Novemba 19

Mawingu mchana, jioni yameondoka.

Novemba 30. Jumatano

Mvua. Ilianza alfajiri, ya kwanza ya msimu, na haijakatika kutwa. Bati linapiga kelele hatusikilizani.

Saa nane hivi nilipanda kwenye kiti kutafuta sanduku la pini, nikakuta ile picha ya zamani juu ya kabati imefunguka. Yenyewe. Imelala chali, kona nne, hata ile ya jikoni, na Marcelino ananitazama kama siku niliyompiga picha. Mwezi mmoja na nusu alikuwa mkeka. Imehitaji hewa ya mvua ya siku moja.

Nilimwita Mwamvita. Akaitazama, akakaa kwenye benchi.

"Wangesubiri mvua tu," akasema.

Kesho nakwenda nayo Kihesa. Hii hawawezi kuikana: karatasi ile ile, haina mjane mbele yake, ilijikunja juu ya kabati langu kwa ukavu na imenyooka kwa maji. Bartholomeo ni mwalimu. Ataelewa.

Desemba 1. Alhamisi

Nimekwenda. Niliifunga kwenye turubai, nikaikuta imefika imenyooka vilevile. Bartholomeo alikuwa shuleni. Shangazi Evarista alikuwa peke yake na mtoto. Nikaiweka mezani, nikaanza kueleza, taratibu safari hii, bila kumwita mtu mjinga. Ute, maji, hewa. Aliyasikiliza yote. Kisha akaweka kiganja chake juu ya shavu la kaka yake na machozi yakamtoka.

"Hata hii," akasema. "Hata hii ya zamani imenyooka. Yesu na Maria. Amemsahau kabisa sasa, amepumzika. Fundi, Mungu akubariki kwa kuniletea."

Nilifungua mdomo. Niliufunga. Mimi mtu wa maneno mengi.

Nilipogeuka kuchukua turubai ndipo nilipomwona Rozalia. Alikuwa amepanda juu ya kigoda cha mama yake na mkono wake mmoja ameuegemeza kwenye picha mpya, kwenye kona ya chini ya upande wa jikoni. Karatasi pale imeingia doa la vidole, doa la siku nyingi. Nikamwuliza anafanya nini.

"Namshika baba asijikunje," akasema. "Shangazi alisema baba akinyooka, maneno yatakwisha. Amenyooka. Mama anakuja na basi la lini?"

Nilimtazama Shangazi Evarista. Alikuwa anaangalia mvua mlangoni. 

Nikamwambia mtoto anaweza kuachia, karatasi hii ni nene, haijikunji.

Hakuachia.